Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tafakuri za picha za wanafunzi

Kila muhula wanafunzi wa klabu yetu ya picha, hapa Tanga, hutundika kazi zao kwenye ukuta wa maktaba ya shule. Chini ya kila picha kuna karatasi iliyoandikwa kwa mkono na aliyeipiga. Wageni husimama mbele ya karatasi muda mrefu kuliko mbele ya picha, kisha huja na maswali. Wazazi wana yao, walimu wa shule nyingine wana yao, na wanafunzi wapya wana mengi kuliko wote. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyoyajibu tukiwa uso kwa uso.

Tafakuri ya picha ni nini hasa?

Ni maandishi mafupi, nusu ukurasa hadi ukurasa mmoja, ambamo mwanafunzi anaeleza picha yake ilivyopatikana: alisimama wapi, alikuwa akitafuta nini, nani alikuwepo, nini kiliingia kwenye fremu bila yeye kukiona, na leo akiitazama anaona nini. Yale maelezo ya gazetini, nani na wapi na lini, tunayaandika pia, kwa mstari mmoja juu kabisa ya karatasi. Tafakuri inaanza mstari huo unapoishia.

Huwa nawaambia: anayeitazama picha yako haoni miguu yako. Mwambie ulikuwa umesimama wapi.

Kwa nini picha isijieleze yenyewe?

Zipo zinazojieleza, na tukizipata tunashukuru. Ila swali hili huulizwa na mtazamaji, na tafakuri kwanza ni ya mpigaji. Mwanafunzi akibonyeza kitufe, sehemu kubwa ya alichofanya amekifanya bila kujua. Amepiga goti au hajapiga. Mti ameukata, ndoo ameiacha. Asipokaa chini akajiuliza, Jumamosi ijayo atafanya yaleyale, na picha nzuri ikitokea itakuwa imemwangukia tu.

Nitoe mfano mmoja kwa kirefu. Binti wa kidato cha tatu alileta picha ya mikono ya bibi yake akichagua mchele kwenye ungo. Karatasi yake ya kwanza ilisema: “Picha hii inaonyesha bibi akichagua mchele. Nimeipenda kwa sababu ina mwanga mzuri na inaonyesha maisha yetu ya kila siku.” Hakuna kosa hapo, wala hakuna bibi. Nilimrudishia nikamwuliza mambo mawili: ulikaa naye muda gani kabla ya kupiga, na bibi alisema nini alipoiona. Wiki iliyofuata akaleta hii:

“Nilikaa naye barazani tangu alasiri. Mwanzo bibi alikuwa akiweka sawa mtandio kila nikiinua simu, kwa hiyo nikaishusha, nikamsaidia kuchagua. Picha zote za mwanzo anatazama simu. Kwenye ya kumi na moja hatazami. Kidole chake kimesimama juu ya chuya moja na vidole vingine vinasubiri. Ile chuya mimi sikuiona mpaka nilipoikuza picha. Nilipomwonyesha alisema, ‘Mbona umenikata kichwa?’ Sikujua nimjibu nini. Nilidhani mikono inatosha. Sasa kila nikiitazama picha nalisikia na swali lake.”

Jumamosi iliyofuata alimpiga bibi picha nyingine, safari hii na uso, ungo ukiwa mapajani. Tulizitundika zote mbili pamoja. Ile ya pili isingepigwa kama ya kwanza isingeandikwa.

Mna maswali ya kuwaongoza, au kila mtu anaandika anavyojua?

Yapo, na tumeyaokota huku na kule. Miaka ya 1990, Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China, wapige wenyewe picha za maisha na afya zao, kisha wakae pamoja kuzizungumza. Njia hiyo inajulikana kama photovoice, na wengi wanaoitumia huongoza mazungumzo kwa maswali matano: Unaona nini hapa? Nini hasa kinaendelea? Kinahusiana vipi na maisha yetu? Kwa nini hali hii ipo? Tunaweza kufanya nini?

La kwanza na la nne tunayatumia kila mara. La tano tunaliacha mara nyingi. Wenzetu walililenga kwa viongozi, wazione picha na kuchukua hatua, na kwa kazi ile lilikuwa swali sahihi. Lakini mwanafunzi wa miaka 16 akilazimishwa kutoa suluhisho huishia kuandika “serikali iliangalie hili”, na picha anaiacha peke yake.

Kabla yao, miaka ya 1970, Wendy Ewald alikuwa akifundisha watoto wa milimani huko Kentucky, Marekani, kupiga picha za familia zao na kuandika juu yake. Baadaye kazi yake ilizaa mpango wa kufundisha kusoma na kuandika kwa kutumia picha katika shule za Durham, North Carolina, na njia hiyo ikafika hadi Arusha kwa walimu wa kwetu. Kutoka huko tumechukua desturi ya kuandika kabla ya kupiga. Ijumaa kila mmoja anaandika mistari mitatu: kesho naenda wapi, nategemea kuona nini, nani atakuwepo. Baada ya wiki anaiweka mistari hiyo pembeni ya picha. Nyingi ya tafakuri nzuri nilizosoma zimezaliwa katika tofauti ya hizo mbili. Kijana mmoja alitegemea kupiga wavuvi wakishusha samaki Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga, akarudi na picha ya mizani tupu na wanawake watatu wamekaa juu ya ndoo zao zilizopinduliwa. Hakukuwa na samaki siku hiyo. Aliandika kurasa mbili, tukamruhusu azidishe.

Kwa nini wanaandika kwa Kiswahili, na masomo ya sekondari ni kwa Kiingereza?

Wazazi huliuliza kwa wasiwasi, na nauelewa. Hatuwazuii. Anayetaka kuandika kwa Kiingereza aandike. Lakini nimeshika karatasi nyingi za lugha zote mbili, na tofauti ninaiona. Kwa Kiingereza cha darasani mtoto anaandika sentensi alizokwisha kuziona kitabuni, kwa hiyo anaona vitu vya kitabuni. Kwa Kiswahili anakumbuka alichoambiwa, na na nani.

Kisha kuna mwanga. Mpigapicha anaishi kwa mwanga, na lugha yetu imeugawa mchana vizuri: alfajiri, mapambazuko, jua la asubuhi, jua la utosi, alasiri, magharibi. Mwanafunzi akiandika “jua lilikuwa la utosi”, amekwisha kunieleza kwa nini macho ya mtu wake yamekuwa mashimo mawili.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kwangu. Aliyepigwa picha lazima aweze kuisoma karatasi, au kusomewa, bila mkalimani. Bibi akiongea Kibondei au Kisambaa, maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema, na mjukuu anaeleza maana chini yake.

Inahitajika kamera ya aina gani?

Yoyote. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo klabu ina kamera ndogo chache za mitumba tunazopeana zamu, na Jumamosi wengi hutumia simu ya mzazi nyumbani. Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 zilizunguka dunia nzima, alianza akiwa mwanafunzi Dar es Salaam na Box Brownie, kisanduku ambacho hakina mengi ya kurekebisha. Unachagua usimame wapi na ubonyeze lini. Wanafunzi wangu wana hayo mawili.

Mbona nyuso zinatoka nyeusi kuliko watu walivyo?

Hili naulizwa kuliko yote. Mita ya mwanga iliyo ndani ya kamera haijui inatazama nini. Inachukulia kwamba ukichanganya kila kilichomo kwenye fremu utapata kijivu cha kati, na inapanga mwangaza ufike hapo. Msimamishe rafiki yako mbele ya ukuta wa chokaa saa sita mchana. Ukuta ni mweupe mno, kamera inapunguza mwanga ili uwe kijivu, na uso unazama nao. Kanzu hufanya hivyohivyo. Shati la sare ya shule pia.

Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye skrini, kisha sogeza ile alama ya jua juu kidogo. Kwenye kamera zetu pandisha kipimo cha mwangaza hadi +1. Ukuta ukipauka, upauke, hukuja kupiga ukuta. Na kama mtu ana nafasi, mtoe ukutani, mkalishe kwenye kivuli cha baraza, uso uelekee kwenye uwazi wa nje. Mwanga wa hapo ni laini na ngozi yetu inaupenda. Utaona rangi ya shaba, ya kahawa, ya zambarau iliyoiva, ambazo jua la utosi linazifuta zote.

Lipo pia la zamani. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha filamu zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu. Ziliitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilianza kutumika miaka ya 1990. Nilipowaeleza hayo, mwanafunzi mmoja alirudi na albamu ya harusi ya wazazi wake. Katika picha moja gauni linaonekana kila uzi, na uso wa mama yake ni kivuli. Aliomba aandike tafakuri ya picha ambayo hakuipiga yeye. Tulimkubalia, na tangu hapo kila muhula tunaacha nafasi moja ukutani kwa picha ya zamani ya nyumbani.

Naruhusiwa kutumia programu za kulainisha uso?

Hapana, kwa kazi inayotundikwa. Kuongeza mwanga, kukata pembeni, kunyoosha mstari wa bahari uliopinda, hayo ruhusa, na unayataja kwenye karatasi. Lakini zile programu zinazong'arisha ngozi na kufuta mikunjo zinakuletea mtu mwingine. Tuliwahi kupokea picha ya babu mmoja asiye hata na kovu alilokuwa nalo juu ya jicho. Mjukuu wake hakulifuta kwa makusudi, simu ilifanya yenyewe. Angalia mipangilio kabla ya kupiga, mara nyingi kitu hicho huwa kimewashwa tayari.

Lazima niombe ruhusa? Nikiomba si mtu atajikausha?

Lazima. Na ndiyo, atajikausha. Kaa. Mtu haendi kujikausha saa nzima.

Kuomba kwenyewe tunakufanyia mazoezi darasani, kwa sababu watoto wengi huogopa watu wazima wasiowajua. Unaanza na salamu kamili, hukimbilii haja yako. “Shikamoo babu.” “Marahaba, mwanangu. Hujambo?” Unasema wewe ni nani, unasoma wapi, unamwomba nini, na picha itakwenda wapi. Ukutani shuleni tu, au na mtandaoni? Ni maombi mawili tofauti. Akikataa unamshukuru na unamtakia kazi njema. Kwa mtoto mdogo unamwomba mzazi wake kwanza, kisha na mtoto mwenyewe. Kambi za jeshi na vituo vya polisi tunavipita kamera ikiwa mfukoni. Ajali ya bodaboda hatupigi, hata kama kila aliyepo barabarani ameinua simu.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ni vizuri wanafunzi wakajua kwamba ipo. Ila sababu yangu ni ya kabla ya sheria. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, studio za Zanzibar kama ile ya A. C. Gomes zilitengeneza picha na postikadi za watu wa pwani, zikauzwa kwa wasafiri. Nyingi zimeandikwa chini yake “mwanamke wa Kiswahili” au “mpagazi”, basi. Mtu anakutazama machoni, miaka zaidi ya mia imepita, na hakuna aliyemwuliza jina. Linganisha na picha za Capital Art Studio, ambayo Ranchhod Oza aliifungua Mji Mkongwe mwaka 1930. Kule watu walikwenda kwa miguu yao, wamevaa walichokichagua, wakalipa, wakaondoka na picha yao.

Nami nina deni. Nilipokuwa chuoni nilimpiga picha mama mmoja aliyekuwa akilia kwenye stendi ya mabasi. Sikumwuliza. Picha ilisifiwa sana. Ninayo bado, na kila nikiitazama naona jambo moja tu, kwamba sijui alikuwa akilia nini.

Je, mtu akikubali kupigwa lakini hataki picha itundikwe?

Haitundikwi. Muhula uliopita kijana mmoja alimpiga mama yake jikoni, akisonga ugali, kichwa wazi bila mtandio. Mama aliitazama picha, akacheka, akaipenda, akasema hii ni ya humu ndani. Kijana alikuja kwangu amenyong'onyea kwa sababu ndiyo ilikuwa picha yake bora. Tulitundika fremu tupu, na chini yake karatasi:

“Picha yenyewe ipo nyumbani. Mama ameshika mwiko kwa mikono miwili na mvuke umefunika nusu ya uso wake. Nyuma kuna dirisha, ndilo lililonipa mwanga. Alisema watu wa nje hawamjui akiwa hivi. Mimi namjua akiwa hivi, ndiyo maana nilipiga.”

Mama alikuja siku ya maonyesho amevaa baibui. Alisimama mbele ya fremu ile, akaisoma karatasi mara mbili, kisha akaenda kukaa na wazazi wengine.

Saa ngapi ni nzuri kupiga?

Asubuhi hadi saa mbili na nusu hivi, na alasiri kuanzia saa kumi. Tanga ipo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hukaa utosini kabisa. Magharibi usichelewe, kwetu giza huingia upesi, kama dakika 20 tu baada ya jua kuzama.

Picha imetoka na ukungu. Niifute?

Usifute chochote kabla hatujakaa nayo mezani.

Nimepiga 60. Nachaguaje moja?

Zamani mkanda wa filamu ulikuwa na picha 36 na kila moja iligharimu, kwa hiyo mtu alichagua kabla ya kubonyeza. Leo kuchagua kumehamia baadaye, na ni kazi ngumu zaidi. Tunachapisha zote ndogondogo kwenye karatasi moja, kama studio zilivyokuwa zikifanya na filamu, kisha mwanafunzi anazungushia tano kwa kalamu. Wenzake wanazungushia tano zao kwa rangi nyingine bila kuambizana. Zinapopishana, hapo pana mazungumzo. Mara nyingi mpigaji anang'ang'ania picha iliyomtoa jasho, ile aliyopanda mti kuipata, na wenzake hawaoni mti, wanaona picha tu. Kwenye tafakuri aandike na ile aliyoiacha, na sababu.

Mnatoa alama?

Hapana. Tulijaribu mwaka wa kwanza, na wote wakaanza kuandika kitu kimoja.

Picha ziandaliwe vipi kwa kuchapishwa?

Kwa ukubwa wa A4 inayoonekana safi unahitaji karibu pikseli 2480 kwa 3508. Usimtumie mwenye duka la kuchapa picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu inapunguzwa ukubwa njiani. Itume kama faili, au peleka kadi yenyewe. Na simama pale wakati inachapwa. Mwaka juzi tulipokea picha 22 nyuso zote zimezama, kwa sababu mashine iliachwa ijirekebishie mwanga yenyewe, na fedha ya muhula ilikuwa imekwisha. Tuliwaandikia waliopigwa kuwaomba radhi na tukazichapa upya muhula uliofuata. Siku hizi tunachapa moja ya majaribio kwanza.

Zikishushwa ukutani zinakwenda wapi?

Nakala moja inabaki kwenye sanduku la klabu. Nyuma yake tunaandika kwa penseli laini jina la aliyepigwa, kama ameridhia, mahali, tarehe, na jina la mpigaji. Kalamu ya wino tumeiacha, inachora upande wa mbele na inavuja kukiwa na unyevu, na Tanga unyevu ndio hewa yetu.

Nakala ya pili ni ya mwenye uso. Mwanafunzi anaipeleka mwenyewe, pamoja na tafakuri. Mara ya mwisho nilimsindikiza kijana wa kidato cha pili hadi Ngamiani, kwa fundi baiskeli anayefanyia kazi chini ya mwarobaini. Fundi alifuta mikono kwenye kitambaa, akaishika picha kwa kingo zake, akaitazama kitambo. Kisha akasema hana miwani, asomewe. Kijana akasoma: namna alivyokaa juu ya jiwe mpaka kivuli kikamfikia, namna fundi alivyoutumbukiza mpira kwenye karai la maji kutafuta pancha, mapovu yalivyopanda, na kwamba ulikuwa mpira wa gurudumu la nyuma.

“La mbele,” fundi akasema. “Ile baiskeli ya mzee wa maziwa. Ilikuwa la mbele.”

Kijana akaomba penseli.